Simu ya Upepo ya Polisi na Masikio ya Wananchi

Zamani mtu wa Songea aliyetaka kujua lililotokea usiku huko Lizaboni au Bombambili alingoja kupambazuke, akaenda sokoni, akayasikia. Siku hizi hangoji. Simu iko mfukoni, na kabla jogoo hajawika habari imekwisha kupita vijiwe vyote vya bodaboda kutoka Mfaranyaki hadi Msamala, ikiwa na kichwa chake, mkia wake, na mara nyingi pembe ambazo haikuzaliwa nazo. Katika mji wa namna hiyo, swali tunalolileta leo mbele ya wanachama na wafanyakazi si swali la mafundi peke yao. Mazungumzo ya polisi katika simu ya upepo, je, yafungwe yasisikiwe na mtu yeyote aliye nje ya jeshi hilo, au yaachwe wazi? Na yakifungwa, mwananchi apewe nini badala yake?

Wengi wetu tumemwona askari akiisogeza redio yake mdomoni, akasema maneno mawili matatu, akajibiwa kwa mkwaruzo. Si wengi waliopata kujiuliza maneno yale huenda wapi. Kwa hakika huenda kila mahali. Sauti iliyorushwa hewani haichagui masikio. Hupita juu ya paa la kituo cha polisi na juu ya paa la mwizi vilevile, na kama si vilima vya Matogoro kuizuia upande mmoja, ingekwenda mbali zaidi.

Tangu mwanzo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walipoanza kupeleka habari kwa redio katika magari yao ya doria, sauti ilikuwa ya kwenda tu. Askari aliye garini alisikia lakini hakuweza kujibu. Katika miaka ya 1930 redio nyingi za majumbani katika nchi ile ziliweza kuyanasa masafa ya polisi, na familia zikakaa sebuleni baada ya chakula cha jioni zikisikiliza nani kaibiwa na nani kapigwa. Mwaka 1938 mpiga picha mmoja wa New York, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipewa ruhusa ya kuweka redio ya polisi ndani ya gari lake, akawa anafika penye mauaji mapema kiasi kwamba watu walimdhania mchawi. Baadaye zikaja mashine ziitwazo skana, ambazo kazi yake ni kupekua masafa, moja baada ya jingine, na kusimama palipo na sauti ya mtu. Waandishi wa habari wakazinunua, wazima moto wa kujitolea wakazinunua, wazee wastaafu wasio na kazi wakazinunua. Wezi nao hawakubaki nyuma.

Na sasa hata mashine yenyewe si lazima. Mwaka 2012 ilibainika kwamba kijidude kidogo cha kuchomeka katika kompyuta, kilichotengenezwa ili watu watazame televisheni, chaweza kwa programu za bure kugeuzwa kuwa kipokezi cha masafa mengi mno, na bei yake haifiki bei ya baiskeli kuukuu. Yaani lile lililokuwa kazi ya majeshi na majasusi limekuwa mchezo wa kijana mwenye kompyuta na waya wa antena dirishani.

Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi wakahama. Kwanza walihamia redio za kidijitali, ambazo huikata sauti vipande vipande na kuigeuza kuwa tarakimu kabla ya kuirusha. Hilo peke yake si kufuli, maana skana ya kidijitali huzisoma tarakimu hizo na kuzirudisha kuwa sauti. Kufuli ni hatua ya pili, ambayo wataalamu huiita usimbaji fiche. Tarakimu za sauti huchanganywa na tarakimu nyingine za siri, ziitwazo ufunguo, na redio isiyo na ufunguo uleule haipati kitu ila kelele. Askari wawili wenye ufunguo husemezana kama watu walio chumba kimoja. Aliye nje hata hajui kama wanazungumza juu ya jambazi au juu ya chai.

Sisi hatuna kigugumizi katika jambo hili. Twasema polisi wanayo haki ya kufunga. Mwezi wa Septemba 2014 askari waliokuwa doria mjini Songea walijeruhiwa kwa bomu la kutengenezwa kwa mkono. Hatusemi kwamba aliyelitega alisikiliza redio. Twasema tu kwamba askari anayetembea usiku kwa miguu kwa ajili ya usalama wetu hastahili njia yake itangazwe kwa kila mwenye masikio. Tena si askari peke yake. Katika mawimbi yale hupita jina la mtoto aliyenajisiwa, namba ya nyumba ya mjane aliyevamiwa, hali ya mgonjwa wa akili aliyepotea. Hayo si mali ya kijiwe. Ibara ya 16 ya Katiba yetu humpa kila mtu haki ya faragha, ya nafsi yake na ya mawasiliano yake, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hufanya kuwa kosa la jinai kuyanasa mawasiliano ya wengine bila idhini ya sheria. Kijana aliyekwisha kukiona kile kijidude madukani asidhani kwamba urahisi wa kukipata ni ruhusa ya kusikiliza lolote.

Lakini je, kufuli ni la nani? Hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana ndipo penye utamu na uchungu wa jambo lenyewe.

Mwaka 1995 taasisi ya Ulaya inayopanga viwango vya mawasiliano ilitoa mpango wa redio za polisi na watumishi wa dharura uitwao TETRA. Mpango huo umeenea katika nchi zaidi ya 100. Ndani yake mliwekwa kufuli za aina mbalimbali: moja kwa ajili ya polisi wa Ulaya wenyewe, na nyingine, iitwayo TEA1, kwa ajili ya kuuzwa nje pasipo masharti makali. Namna kufuli hizo zilivyotengenezwa ilifanywa siri kwa miaka zaidi ya 25. Mnunuzi aliambiwa kwamba ufunguo wa TEA1 una urefu wa tarakimu 80 za kompyuta, naye akalipa kwa bei ya tarakimu 80. Mwezi wa Julai 2023 watafiti watatu wa Uholanzi walitangaza kwamba wamelivunja boma hilo. Walikuta kwamba ndani ya TEA1 mna hatua inayoupunguza ufunguo kimyakimya kutoka 80 hadi 32, na kwamba kompyuta ya kawaida yaweza kuutafuta na kuupata kwa muda usiofika dakika moja. Wenye kiwango walijitetea kwamba huo si mlango wa uani, ila ni kutii kanuni za wakati ule za kuuza nje vifaa vya siri. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wakaamua kuziweka wazi kanuni zote za kufuli zao zikaguliwe.

Tulitafakari sana utetezi huo. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba aliyelitengeneza kufuli alijua tangu siku ya kwanza kuwa la jirani yake ni jepesi, na hakumwambia.

Wala si mara ya kwanza. Mwezi wa Februari 2020 magazeti na televisheni za Marekani, Ujerumani na Uswisi zilifichua habari za kampuni ya Uswisi iliyoitwa Crypto AG. Kwa miaka mingi kampuni hiyo iliziuzia serikali zaidi ya 120 mashine za kuficha barua za mabalozi na amri za majeshi, na nchi za Afrika zilikuwamo katika orodha ya wateja. Uswisi ni nchi isiyofungamana na upande wowote, watu wakasema, basi mashine zake ni salama. Kumbe tangu mwaka 1970 wenye kampuni walikuwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwenziwe wa Ujerumani ya Magharibi, BND. Mashine zilipangwa ili wenye nazo wazisome. Wajerumani walijitoa mwaka 1993. Wamarekani waliendelea hadi mwaka 2018. Serikali za nchi maskini zililipa fedha za pamba, kahawa na shaba ili siri zao zisomwe.

Mwanachama aliyelelewa katika siasa ya kujitegemea hana haja ya kufundishwa jinsi ya kuyasoma mambo hayo. Tunaposikia kwamba mahali fulani katika Afrika polisi wanunua redio mpya zenye kufuli, swali la kwanza lisiwe zinang'aa kiasi gani wala zinapiga umbali gani. Liwe: nani alilikagua kufuli, na ufunguo unatunzwa na nani? Tunao vijana waliosomea mambo haya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho si mbali sana na Songea. Waitwe, wakae na mashine mezani, waifungue, waijaribu kuivunja kabla fedha za umma hazijatoka. Watafiti wa Uholanzi hawakuwa jeshi. Walikuwa watu watatu wenye subira.

Na ufunguo, hata ukiwa madhubuti, hutunzwa na binadamu. Redio moja ikipotea mikononi mwa askari aliyelewa, au ikauzwa, ufunguo umepotea pamoja nayo mpaka redio hiyo izimwe kutoka makao makuu na nyingine zote zibadilishwe. Askari anayeogopa kusema kwamba amepoteza redio ni hatari kuliko skana kumi. Hili ni suala la nidhamu na la uongozi wa kituo, wala halinunuliki Ulaya.

Tuvuke mpaka kidogo, twende Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, wakaua watu 67. Katika mambo yaliyowauma Wakenya baadaye, moja lilikuwa hili: vikosi vya polisi na vya jeshi vilivyoingia jengoni havikuwa na mawasiliano ya pamoja, wakafyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe, na askari akafa kwa risasi ya mwenzake. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilitia saini na kampuni ya Safaricom mkataba wa shilingi bilioni 14.9 za Kenya ili polisi wajengewe mtandao mpya wa mawasiliano na kamera. Twaitaja habari hiyo kwa sababu moja. Siku ile ya Westgate tatizo halikuwa kwamba adui alisikia mno. Wenyewe kwa wenyewe hawakusikilizana. Kufuli likiwekwa bila mpango, polisi wana lao, jeshi lina lake, zimamoto na gari la wagonjwa hawana kitu, na wa Namtumbo hana ufunguo wa wa Tunduru, basi tumenunua kutosikilizana kwa fedha nyingi. Kutoka Songea hadi Tunduru ni zaidi ya kilomita 250, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni pori. Ajali ikitokea humo usiku, wa kwanza kufika aweza kuwa mtumishi yeyote. Aweza hata kuwa dereva wa lori la mahindi.

Sasa turudi Songea yenyewe, maana hatukuuchagua mji huu kwa kubahatisha. Hapana mji unaojua thamani ya siri kuupita huu. Kabla ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 neno lilitembea kutoka Ngarambe, penye Kinjikitile Ngwale, kwa mdomo na kwa sikio; Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Haukupita katika waya wala katika mawimbi, nao ulifika hadi Ungoni Wajerumani wasijue uzito wake mpaka nchi ilipowaka. Wengi wa viongozi wa Wangoni walilipa kwa roho zao. Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya 60 walinyongwa hapo Songea, na kaburi lao liko Mahenge, penye Makumbusho ya Maji Maji. Miaka 58 baadaye, tangu Septemba 1964, ng'ambo ya mto Ruvuma kulikuwa na vita vya ndugu zetu wa FRELIMO dhidi ya Wareno, na sauti yao ilisikika kutoka mitambo ya Redio Tanzania. Watu wa mpakani walijifunza wakati huo kwamba mgeni anayeuliza maswali mengi dukani huenda si mteja.

Watu hawa, basi, hawahitaji kuhubiriwa kwamba dola ina siri. Lakini mji huuhuu unajua pia kimya kinavyoumiza.

Mwezi wa Februari 2012 Songea ilikuwa na hofu. Watu walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine, na uvumi ukayafunga mauaji hayo na mambo ya ushirikina. Nani anaua? Amekamatwa? Kwa nini hajakamatwa? Kila kijiwe kilikuwa na jibu lake. Tarehe 22 wananchi, waendesha bodaboda wakiwamo, waliingia barabarani wakidai kwamba polisi hawafanyi la kutosha. Mabomu ya machozi yakapigwa, risasi zikafyatuliwa, na raia wakafa. Mji uliokuwa ukililia ulinzi ukazika watu wengine zaidi.

Tumejiuliza mara nyingi ni kitu gani kingeweza kuizuia siku ile. Skana isingeizuia. Kama kila mwenye bodaboda angekuwa nayo sikioni, angesikia amri nusunusu, majina yasiyo na maelezo na makelele ya askari wenye woga, na pengine moto ungewaka mapema zaidi. Kufuli nalo lisingeizuia, maana halikuwa jambo la wananchi kusikia yasiyowahusu. Kilichokosekana ni mtu wa polisi, mwenye cheo na mwenye habari, kusimama mapema mbele ya watu, akawaambia kwa Kiswahili chepesi: waliouawa ni wangapi, tumefika hapa, hili hatujalijua, hili hatuwezi kulisema kwa sababu hii, njooni tena Ijumaa. Ibara ya 18 ya Katiba yasema kwamba mwananchi anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Haisemi kwamba ataipata kwa kudukiza. Inasema apewe.

Kwa hiyo twashikilia hivi: kadiri polisi wanavyozidi kuifunga redio yao, ndivyo deni lao la kusema na wananchi linavyozidi kukua. Huwezi kufunga dirisha na mlango pia. Huko Chicago, polisi walipoanza kufunga mawasiliano yao mwaka 2022, waliacha sauti iwafikie watu baada ya dakika 30. New York walianza mwaka 2023, katika mpango wa redio wa dola milioni 390, na waandishi wa habari pamoja na madiwani wakapiga kelele kwamba mji umezibwa masikio. Hatusemi tuige dakika 30 za Chicago; majina ya watoto hayawi halali kusikika kwa kuwa nusu saa imepita. Twasema tu kwamba hata katika nchi yenye fedha kuliko zote wamekiri kuwa kufuli lina gharama isiyoandikwa katika mkataba.

Kwetu gharama hiyo yaweza kulipwa kwa njia zilizo ndani ya uwezo wetu. Mitambo ya kidijitali yaweza kurekodi kila neno pamoja na saa lilipotamkwa. Basi lirekodiwe, litunzwe kwa miaka iliyowekwa na sheria, na inapotokea kwamba raia amekufa mikononi mwa polisi au mbele ya bunduki zao, rekodi hiyo ifike kwa hakimu achunguzaye kifo na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora pasipo kuombwa mara saba. Redio iliyofungwa kwa kijiwe isiwe imefungwa kwa mahakama. Jambo hili halimdhuru askari mwema hata kidogo. Mara nyingi litamwokoa, maana litaonyesha kwamba alitii amri, au kwamba aliomba msaada wala haukuja. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyomkabidhi Rais taarifa yake Julai 2023, ilipendekeza polisi wetu wageuke kutoka jeshi na kuwa chombo cha kutoa huduma. Mwenye kutoa huduma huweka kumbukumbu ya alichokitoa.

Na wanachama wetu wasikae kando wakingoja. Balozi wa shina ni simu ya upepo ya zamani kuliko zote, wala haihitaji ufunguo wa tarakimu. Tuliwahi kuwa na mabalozi waliomjua kila mgeni aliyelala katika nyumba zao kumi. Leo wapo ambao hata kadi zao wenyewe wamezisahau. Mkuu wa kituo asipomwona balozi hana pa kupelekea habari ya kweli, nayo habari ya uongo haingoji kikao.

Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika Mahenge kuwakumbuka mashujaa walionyongwa. Hotuba husomwa, ngoma za Wangoni huchezwa, wageni hupewa viti vya mbele. Siku tano kabla yake ni tarehe 22, siku ambayo haina mnara. Tungependa mwaka ujao, katika siku hiyo ya pili, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Ruvuma aweke viti katika uwanja wowote atakaoupenda wa mji wa Songea, aje na maofisa wake, awaache waendesha bodaboda waulize kwanza.